Mzee Anapaliwa, Tonge Linakwama: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Shida ya Kumeza

"Chai inampalia kila siku, lakini ugali anakula vizuri." "Akila anasema kimekaa hapa," na mkono unawekwa katikati ya kifua. "Vidonge vya presha anavificha shavuni, tunavikuta kwenye mto." Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipita majumbani kuwaangalia wazee. Kauli hizi nazisikia kila wiki, na karibu zote humalizika kwa maneno yale yale: "Lakini ndiyo hivyo, ni uzee tu."

Sikubaliani na hilo neno "tu". Ni kweli kwamba uzee unapunguza nguvu ya kumeza. Misuli ya ulimi hupungua kama inavyopungua misuli ya mapaja. Koo huchelewa kidogo kuitika chakula kinapofika. Hisia za kooni hufifia na meno hupukutika. Hata hivyo mzee wa miaka 80 mwenye afya njema hula taratibu na kumaliza sahani yake bila kupaliwa. Uzee hula akiba. Kinachomwangusha mzee ni jambo jingine lililomkuta akiba ikiwa imeisha: kiharusi kidogo ambacho hakuna aliyekiona, kidonge kipya, meno bandia yaliyolegea, uvimbe. Jambo hilo linatafutika, na mara nyingi linapatikana.

Ili kulitafuta, kumbuka kwamba tonge hupita vituo vitatu. Kinywani linatafunwa, linachanganywa na mate na kusukumwa nyuma na ulimi. Kwenye koromeo, njia ya hewa inafungwa kwa muda usiozidi sekunde moja hivi ili chakula kipite. Kisha linashuka kwenye umio, mrija wa kwenda tumboni. Maji yakimpalia, shida mara nyingi iko kwenye koromeo. Chakula kikikwama kifuani, iko kwenye umio. Kikikaa shavuni, iko kinywani. Kabla ya kuanza kubahatisha dawa, mwangalie anapokula na ujue ni kituo kipi.

Kabla ya yote: mambo yasiyosubiri

Amekabwa. Kama bado anakohoa na anaweza kutoa sauti, mwache akohoe, umwinamishe mbele kidogo. Usimpe maji wala ndizi "kusukuma". Kama hawezi kusema, kukohoa wala kuvuta pumzi, simama ubavuni mwake, mwinamishe, mpige mara 5 kwa nguvu katikati ya mabega ukitumia sehemu ya chini ya kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu mara 5. Rudia, 5 na 5, huku mwingine akitafuta msaada. Akizirai, mlaze sakafuni na uanze kukandamiza kifua. Toa kinywani kile tu unachokiona kwa macho; kidole kinachopapasa gizani husukuma chakula ndani zaidi. Na hata akipona palepale, kama ulimvuta tumbo apelekwe hospitali akaangaliwe.

Shida imeanza ghafla. Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki sawasawa: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho. Usimpe kitu chochote mdomoni, si maji, si uji, si aspirini. Andika saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, palipo na huduma hiyo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo.

Hawezi kumeza hata mate yake, anatapika damu, au midomo na ulimi vimevimba ghafla. Hapa pia ni kuondoka nyumbani mara moja. Uvimbe wa ghafla wa midomo wakati mwingine unaletwa na dawa za presha za kundi la kaptopri na enalapri, hata kama amezitumia kwa miezi bila shida. Nenda na pakiti.

Dalili ya kwanza: maji na chai vinampalia, chakula kizito kinapita

Hii ndiyo inayoongoza, na inawashangaza watu: iweje maji yawe magumu kuliko ugali? Ni kwa sababu maji yana mbio. Tonge la ugali hushuka pole pole na kulisubiri koo lililochelewa. Maji hayasubiri, yanafika kabla mlango wa hewa haujafungwa.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni namna anavyokunywa. Chupa ya maji yenye mdomo mwembamba inamlazimisha kuinua kidevu, na kidevu kikiinuka njia ya hewa inakaa wazi. Kikombe chembamba kikibaki nusu kinafanya vivyo hivyo, maana ukingo wake unagonga pua. Wengine wananyweshwa wakiwa wameegemea mto, nusu wamelala. Wengine wanakula mkekani, miguu imenyooshwa, mgongo umepinda, kifua kimebanwa.

Kuna jingine ambalo sikuligundua mpaka siku niliyokaa na mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, sebuleni kwake saa ya chakula cha mchana. Alikuwa anakula vizuri kabisa. Akaingia kijana wa jirani, "Shikamoo babu!" Mzee akiwa na wali mdomoni akaitika, "Marahaba," na hapo hapo akapaliwa mpaka machozi. Dakika tano baadaye akaingia mjukuu kutoka shule, shikamoo nyingine, marahaba nyingine, kikohozi kingine. Nyumba ile ina watu wengi na adabu nzuri, na kila adabu ilikuwa inafungua njia ya hewa tonge likiwa mlangoni. Tulikubaliana na familia: babu akiwa anakula, anayeingia anakaa kimya, salamu baada ya kunawa. Kupaliwa kulipungua wiki ile ile, kabla hatujabadilisha kitu kingine.

Sababu ya pili ni kuchanganya maji na yabisi kwenye tonge moja: mkate uliochovywa kwenye chai, wali uliozama kwenye mchuzi mwepesi, chungwa, tikiti maji. Maji yanatangulia, yabisi yanabaki kutafunwa, na koo linapata kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya tatu ni usingizi, hasa kwa wanaotumia dawa za usingizi au za kutuliza. Kisha ndipo yanakuja magonjwa yenyewe: kiharusi (hata kile kidogo kilichopita usiku), ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka na kukakamaa mwili), na ugonjwa wa kusahau. Mara chache sana ni ugonjwa wa misuli kuchoka haraka. Huo utauhisi kwa mzee anayeanza kula vizuri, akachoka katikati ya mlo, na jioni kope zake zinaanguka.

Anza na haya kwa siku tatu, bila kununua chochote. Mkalishe kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili ikanyage chini. Zima televisheni. Tumia bakuli au kikombe kipana ili anywe bila kuinua kichwa. Funda dogo, ameze, apumzike. Wengi husaidiwa na kushusha kidevu kidogo kuelekea kifuani anapomeza, ingawa si wote. Ukiona kinamzidishia, acha. Baada ya mlo akae wima angalau dakika 30. Kama hajaamka vizuri, chakula kisubiri. Anayesinzia hanyweshwi.

Hayo yasipotosha, hatua inayofuata ni kufanya vinywaji viwe vizito kidogo, na hapa naomba usiamue peke yako. Vinywaji vizito humwokoa mtu na kupaliwa, lakini wengi hawavipendi, wanakunywa kidogo, wanaishia kukaukiwa maji. Mtaalamu akishasema uzito fulani unamfaa, nyumbani unaweza kuupima kwa bomba la sindano la ml 10 lisilo na sindano, la aina atakayokuonyesha yeye, kwa sababu mabomba hayalingani urefu. Ziba ncha kwa kidole, jaza mpaka 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Ikibaki chini ya ml 1, hicho ni chepesi kama maji. Kati ya 1 na 4 ni kizito kidogo sana, 4 hadi 8 ni kizito kiasi, na zaidi ya 8 ni kizito hasa. Kipimo hiki kinatumika nchi nyingi duniani na kinafanya kazi vizuri kabisa kwa uji.

Ila uji una mambo yake mawili. Kwanza, unazidi kuganda kadiri unavyopoa, kwa hiyo upime ukiwa kwenye joto lile atakalounywa. Pili, umewahi kuona uji uliobaki bakulini ukiwa umegeuka maji? Ni mate. Kijiko kinachotoka mdomoni kinarudi na mate bakulini, na mate huvunja wanga. Mzee anayekula polepole kwa nusu saa anaanza na uji mzito na kumalizia na maji, bila mtu kubadilisha chochote. Mgawie kidogo kidogo kwenye bakuli dogo, sufuria ibaki na uji msafi.

Simama na utafute daktari ikiwa anapaliwa karibu kila mlo hata baada ya siku hizo tatu, ikiwa sauti yake inabaki na majimaji baada ya kunywa, au ikiwa kuna homa.

Dalili ya pili: tonge linazunguka mdomoni, haliendi

Chukua tochi ya simu umwombe afungue kinywa. Nasema hivi kwa sababu nimeona familia zikimpeleka mzee kupigwa picha ya kichwa wakati kilichokuwepo ni jino lililokatika likikata ulimi.

Angalia fizi, vidonda, na meno bandia. Mtu akipungua uzito fizi hupungua pia, na meno yaliyomkaa vizuri miaka mitano iliyopita sasa yanaelea. Kila akitafuna yanapanda na kushuka, naye anaacha kutafuna. Angalia utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu chini yake: ni fangasi, na huwapata zaidi wenye kisukari, waliotumia antibiotiki kwa muda, wanaovuta dawa za pumu, na wenye VVU. Wazee nao wana VVU. Tusione haya kupima. Fangasi hizi zina dawa na zinapona, lakini zikishuka kwenye umio kumeza kunauma kama moto.

Kisha utazame ulimi, uone kama umekauka na kupasuka. Kinywa kikavu kinalaumiwa uzee, kumbe aghalabu ni dawa. Amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva au usingizi, Piriton ya mafua, dawa za kuongeza mkojo: zote zinapunguza mate, na mzee mmoja anaweza kuwa nazo tatu kwa pamoja kutoka kliniki tatu tofauti. Usimwachishe mwenyewe. Weka zote kwenye mfuko, mpelekee daktari au mfamasia, umuulize swali moja: ipi kati ya hizi inakausha kinywa, na ipi inaweza kuondoka?

Chakula kikirundikana shavu moja tu, kila mara lile lile, upande huo umelegea, fikiria kiharusi. Kikikaa katikati ya ulimi naye anakutazama tu, huenda amesahau kwamba kuna kazi ya kumeza. Hapo kumkaripia hakusaidii. Mpe kijiko akishike mwenyewe, mkono wako juu ya wake. Mwili unakumbuka kile ambacho akili imesahau. Gusa ulimi wake kwa kijiko kitupu. Jaribu kitu cha ubaridi au chenye ukwaju kidogo, maana ladha kali huamsha koo. Na nakusihi kwa moyo wote, usimbane pua ili ameze. Anayebanwa pua hufungua mdomo kuvuta hewa, na uji unakwenda na hewa hiyo mapafuni.

Chakula kinachofaa kinywa dhaifu tunacho tayari majikoni mwetu: mtori uliosongwa vizuri, bokoboko, viazi na maboga yaliyopondwa, parachichi, samaki aliyechambuliwa miiba kwa vidole na si kwa macho. Ugali mkavu unamshinda. Ugali laini wenye mlenda au bamia unateleza kinywani. Lakini mlenda una mbio kama maji, hivyo kwa yule anayepaliwa na chai, uwe mwangalifu nao. Karanga, bisi, nyama ngumu, maganda ya maharage na mahindi ya makande viondoke kwanza.

Dalili ya tatu: "kimekaa hapa", na mkono uko kifuani

Kwa dalili hii sitaki ukae nyumbani ukijaribu hiki na kile. Swali la kuuliza ni moja: ilianzaje? Kama mwanzoni nyama na ugali ndivyo vilivyokwama, baada ya wiki kadhaa wali nao ukakwama, na sasa hata uji unasita, mrija unazidi kuwa mwembamba. Huo si uzee kabisa. Kama vigumu na vimiminika vilianza kukwama pamoja tangu siku ya kwanza, huenda mrija wenyewe umepoteza mwendo wake wa kusukuma.

Sababu ya kawaida ni tindikali inayopanda kutoka tumboni: kiungulia cha miaka mingi kinauchubua umio, na kovu linaubana. Ya pili, kwingine duniani ingewekwa mwisho, lakini hapa kwetu siwezi. Kenya, Tanzania na Malawi ziko kwenye ukanda wa Afrika Mashariki ambako saratani ya umio ni nyingi kupita kiasi. Sigara na pombe zinachangia, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hii. Chai inayotoka jikoni ikichemka na kunywewa palepale imo humo. Iache ipoe dakika chache. Baada ya hizo mbili ndipo kuna kidonge kilichounguza mrija, rovu linalosukuma kutoka shingoni, na misuli ya umio inayojikunja ovyo.

Mama yangu mzazi alipitia haya. Alianza kuacha nyama pembeni ya sahani, akisema hana hamu. Tulikwenda kituo kimoja mara tatu. Mara zote tatu tulipewa dawa ya vidonda vya tumbo na tukaambiwa umri umekwenda. Hakuna aliyemuuliza kilianza kukwama kitu gani, na mimi, muuguzi, sikusisitiza, nilikaa kimya kama mgeni. Alipofika kwa daktari aliyempitisha kamera, mrija ulikuwa umebana kwa kovu la tindikali. Ulitanuliwa, akala nyama ya mbuzi Idi iliyofuata. Alikuwa amepungua kilo tisa tukiwa tunasubiri.

Kwa hiyo chakula kikikwama kifuani kwa zaidi ya wiki mbili, au anapungua uzito, au anatapika chakula kisichosagika, au sauti imekauka, omba kupimwa kwa kamera ya umio. Taja neno hilo wazi. Wakati unasubiri, apewe vyakula laini, mlo mdogo mara nyingi, na asilale mpaka saa tatu zipite baada ya kula.

Neno moja juu ya mwiba wa samaki: lile tonge kubwa la ugali tunaloambiwa tumeze kuusukuma linaweza kuuzamisha. Kama unachoma na hautoki, nenda kwa daktari.

Dalili ya nne: hapaliwi, lakini homa haziishi

Hii ndiyo inayonitisha, na ndiyo sababu hasa ya kuandika mwongozo huu. Tumezoea kufikiri kwamba asiyekohoa yuko salama. Kikohozi ni mlinzi, na mlinzi naye huzeeka. Mzee ambaye hisia za koo lake zimekufa anaweza kuvuta chai mapafuni kila asubuhi bila hata kukunja uso. Unachokiona ni mambo ya pembeni: nimonia ya pili ndani ya miezi michache, "malaria" inayotibiwa bila kupimwa na kurudi, sauti ya majimaji baada ya kunywa, pua inayochuruzika kila akila, uchovu katikati ya mlo. Kwa mzee nimonia inaweza kuja bila homa kabisa. Anachanganyikiwa tu, anakataa chakula, anapumua haraka.

Angalia mambo mawili. Baada ya funda la maji, mwombe aseme "aaa" ndefu. Sauti ikigurguma kama mtu anayesukutua, kuna kilichobaki juu ya njia ya hewa. Halafu hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, usimwambie unahesabu. Zikizidi 25, apelekwe siku hiyo hiyo.

Wanaoongoza hapa ni waliopata kiharusi, wenye Parkinson na wenye ugonjwa wa kusahau. Wapo pia walioanzishiwa dawa zinazogandisha misuli, kama haloperidoli ya magonjwa ya akili, au metoklopramidi ya kuzuia kutapika ikitumiwa kwa muda mrefu.

Tiba iliyo mikononi mwako ni mswaki. Kinachoua katika nimonia ya kupaliwa ni bakteria wa kinywani wanaosafiri na mate, mara nyingi hata kuliko chakula chenyewe. Utafiti uliofanywa Japani kwenye nyumba za kutunzia wazee ulionyesha kwamba waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo walipata nimonia chache kuliko wenzao, na hata wasio na meno walifaidika. Kwa hiyo asiye na meno naye asafishwe: fizi, ulimi, kaakaa, kwa mswaki laini au kitambaa safi chenye unyevu, asubuhi, baada ya kula, na zaidi ya yote kabla ya kulala. Meno bandia yatoke usiku, yasuguliwe, yalazwe kwenye maji. Kulala nayo kumehusishwa na nimonia.

Dalili ya tano: vidonge

Kidonge ni kikavu, kidogo, na kinamezwa na maji, yaani mambo mawili magumu pamoja. Kwanza mpe nafasi: akae wima, alainishe kinywa kwa maji kidogo, kidonge kimoja kimoja, kichwa kisirushwe nyuma. Kikishindikana, jaribu kukizika kwenye kijiko cha parachichi lililopondwa au uji mzito, kama si dawa inayotakiwa kunywewa tumbo likiwa tupu.

Usitwange kabla ya kuuliza. Vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa pole pole, kama nifedipini ya aina hiyo ambayo wazee wengi wa presha wanayo, vikitwangwa humwaga dozi nzima kwa mara moja na presha inaporomoka. Vilivyofunikwa visiyeyuke tumboni navyo havitwangwi. Mfamasia anajua dawa nyingi zenye namna ya maji.

Doksisaiklini, vidonge vya madini ya chuma, potasiamu na alendronati vikikwama vinaunguza umio. Hivyo vinywewe na maji ya kutosha, na asilale kwa angalau nusu saa. Kama maji ya kutosha ndiyo yanayompalia, basi dawa hiyo haimfai, mrudishie daktari. Na kwa mwenye Parkinson, muulize daktari wake namna ya kupanga saa ya dawa na saa ya chakula, ili ale wakati misuli yake imefunguka.

Dalili ya sita: anapungua, anasema ameshiba

Mpime. Kama huna mizani, mkanda wa suruali au pete ya ndoa itakuambia. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi, au 10 ndani ya miezi 6, ni jambo la hospitali: kwa mwenye kilo 60 hizo ni kilo 3 na kilo 6. Mara nyingi mzee anayesema ameshiba ameogopa. Alipaliwa mbele za watu, akaona haya, akaamua kula kidogo. Muulize mkiwa wawili, kwa upole. Nyingine ni huzuni, meno, dawa, au ugonjwa wa dalili ya tatu. Kumbuka pia kwamba misuli ya kumeza ni misuli kama mingine: asiyekula anadhoofika, na aliyedhoofika anashindwa kumeza. Ongeza nguvu kwenye kile kidogo anachokubali: maziwa, yai, karanga zilizosagwa laini kabisa ndani ya uji, tui la nazi.

Ukifika hospitali

Anayehusika hasa ni mtaalamu wa tiba ya matamshi na kumeza, na bado ni wachache; Makerere, Kampala, wanawafundisha kwa ngazi ya shahada, na hospitali kubwa baadhi zinao. Asipokuwepo, omba daktari wa masikio, pua na koo. Wanaweza kumpiga picha za eksirei akimeza bariamu (dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha), kupitisha kamera nyembamba puani wakimwangalia anavyomeza, au kushuka mpaka tumboni kama shida iko kifuani. Baada ya hapo mazoezi ya ulimi na koo yanaweza kupangwa, na aliyepata kiharusi ana nafasi nzuri ya kurudi. Wengi humeza vizuri tena ndani ya wiki za mwanzo.

Mkiambiwa habari za mrija wa kulishia, ulizeni ni wa muda au wa kudumu. Baada ya kiharusi, mrija wa wiki chache unaweza kumvusha. Kwa ugonjwa wa kusahau uliofika mbali, mrija haujaonyesha kuzuia nimonia wala kurefusha maisha, na Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani hushauri kumlisha kwa mkono kwa uangalifu, kadiri anavyopenda. Kumlisha baba kijiko kimoja kwa dakika mbili, ukisubiri kila funda, si uzembe.

Nenda na mfuko wa dawa zote, tarehe shida ilipoanza, orodha ya vinavyokwama na vinavyopita, na uzito wa sasa na wa zamani. Na mchukue video ya simu akila mlo wake wa kawaida, ikionyesha uso na shingo, dakika tatu zinatosha. Mbele ya daktari wazee wengi hujikaza na kumeza vizuri, kisha wanarudi nyumbani kupaliwa. Mwonyeshe daktari video hiyo hata kama hajaiomba.